Pumzi Ndani ya Kitalu cha Tano

Saa mbili kasoro robo asubuhi, siku ya pili tangu Kitalu cha Tano kipigwe lakiri, Nyanzobe aliona mtu anapumua ndani yake.

Hakumwona mtu mwenyewe. Alichokiona kilikuwa mstari kwenye kioo cha kompyuta. Kazi yake pale Mwakilimo ilikuwa kukaa mbele ya mistari ya vitalu nyumba saba na kuisoma tangu taa zinapowashwa hadi zinapozimwa, na kwa sababu hiyo watu walimwita Msoma Pumzi. Taa za kitalu zikiwaka, mtama hufungua vinyweleo vya majani yake ukaanza kuvuta hewa ukaa, na kwa kila kidogo unachovuta huachia mvuke wa maji mara mamia. Mstari wa ukaa hushuka, mstari wa mvuke hupanda. Kwenye shamba la wazi mvuke ule ungekwenda zake juu, na mbingu za nchi ile zilikwishasahau kurudisha. Ndani ya kitalu ulikutana na mabomba ya baridi chini ya paa, ukageuka matone, ukarudi tangini. Maji ya Mwakilimo yalikuwa yaleyale kwa miaka kumi na miwili. Watu mia tisa na kumi na wawili waliishi kwa hayo.

Sasa mstari wa ukaa wa Kitalu cha Tano ulikuwa unashuka kwa kusuasua. Kitalu cha Nne, kilichopandwa siku ileile kwa mbegu ileile, kilikuwa kimeshapita mbele yake. Tofauti ilikuwa ndogo, kama sehemu nne katika mia. Mtu mwingine angeipuuza. Lakini ilikuwa inapanda na kushuka taratibu, ikipumzika, ikipanda tena, kama kwamba humo ndani kuna kitu kinachorudisha kidogo cha kile mtama unachochukua.

Umbo lile alikuwa analijua. Alikuwa ameliona mara moja tu, miaka miwili na miezi saba iliyopita, kwenye Kitalu cha Pili. Siku ile alikuwa na usingizi na njaa, na alichoandika kwanza kwenye safu ya maelezo ni maneno matatu: *Kipima kina hitilafu.*

Safari hii hakuandika kitu. Alibadilisha kipima, akaweka cha akiba, akasubiri robo saa huku anatafuna ukucha. Mstari ukarudi vilevile. Akatazama mvuke: nao ulikuwa umezidi, kidogo tu, kwa kupanda na kushuka kulekule. Kipima kibovu hudanganya kwa jambo moja. Kinachopumua hutoa yote mawili, ukaa na maji.

Akainua simu ya upepo, akamwita Mwenyekiti.

Mwenyekiti Salamba alikuwa mwanamke mwepesi wa kusema na mwepesi wa kuamua, na kwa miaka yote ile ya ukame ulimi wake ndio uliowaweka watu pamoja. Alimsikiliza Nyanzobe mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Tulihesabu watu kabla ya kufunga," akasema. "Wewe ulikuwepo. Na leo asubuhi kwenye mgao wa maji wametimia wote. Watu wetu wote wapo, Nyanzobe."

"Wetu, ndiyo. Na wale wapitaji?"

Juma lililopita familia kadhaa zilizotoka upande wa ziwa lililokauka zilikuwa zimepiga kambi nje ya uzio, zikaomba maji, zikapewa ndoo mbili, zikaambiwa ziendelee na safari. Hakuna aliyeandika majina yao.

"Wameondoka," Salamba akasema.

"Wote?"

"Mimi sikuwahesabu. Wewe uliwahesabu?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Basi nisikilize, mdogo wangu. Mtama wa Tano umetoa masuke. Ukifungua leo umeua chakula cha miezi minne. Sheria inakupa wewe na mshika mlango uwezo wa kufungua bila kuniuliza mimi, kama kuna uhai wa mtu. Siwazuii. Lakini uwe unajua, si unahisi. Kuna tofauti."

Nyanzobe aliweka simu chini. Kujua kwenyewe kungetoka wapi? Kamera zilikwisha kuliwa na kuvu msimu wa kwanza. Miwani ya kuonea joto haikuona kitu, maana mle ndani majani, udongo na hewa vyote vilikuwa na joto la mwili wa mtu. Na hilo ndilo lililokuwa baya. Katika hewa iliyoshiba maji namna ile jasho halikauki. Mtu hutoka jasho, likamtiririka, lisimpoze hata kidogo. Mzima anaweza kuvumilia siku moja na nusu. Aliyeumia hafiki huko.

Alipunguza joto digrii mbili, kiasi ambacho masuke yangeweza kustahimili. Alijua kwamba huko ni kumwongezea mtu muda, si kumtoa. Kisha akachukua ufunguo wake ukutani akatoka kumtafuta mwenye ufunguo wa pili.

*

Mshika mlango wa Mwakilimo alikuwa Mzee Ndalahwa, ambaye watu wote, hata sasa, walimwita Baba Luhende. Alikuwa mrefu, mkavu, na vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi kwa lakiri nyekundu aliyokuwa akiichemsha kwa miaka kumi na miwili. Milango yote saba alikuwa ameifunga yeye kwa mkono wake, kila msimu.

Luhende alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Alikuwa fundi bomba. Asubuhi moja aliingia Kitalu cha Pili kukaza bomba la paa kabla hakijafungwa, na hakuna aliyemwona akitoka. Orodha ya majina siku hizo haikuwepo. Usiku uliotangulia alikuwa amegombana na baba yake juu ya kwenda Mwanza kutafuta kazi ya meli, kwa hiyo alipokosekana, kila mtu alisema ameondoka, na baba yake akala kiapo kwamba hatamfuata. Siku ya arobaini walipofungua kuvuna wakamkuta kati ya mistari ya mtama, chini ya ngazi.

Wachunguzi walisema alianguka akavunjika shingo, akafa papo hapo, kabla mlango haujafungwa. Baba yake aliwauliza swali moja tu: *Nilipofunga alikuwa ameshakufa?* Wakamwambia ndiyo. Alilishika neno hilo, akainuka nalo, akarudi kazini.

Ni Nyanzobe peke yake aliyerudi kwenye kumbukumbu za Kitalu cha Pili. Alifanya hivyo wiki moja baada ya mazishi, akiwa amejifungia mlango, akasoma mstari ule kuanzia saa nne asubuhi ya Jumatatu. Kisha akanyamaza. Kila alipopishana na mzee yule kwenye foleni ya maji, alimwamkia, "Shikamoo, Baba Luhende," na mzee akamwitikia kwa upole, "Marahaba, mayu," kwa heshima ya Kisukuma ya kumwita mwanamke mama, na Nyanzobe akatoka kwenye foleni akaenda kukaa pembeni.

Alimkuta ameshafika kwenye Kitalu cha Tano, ameweka sikio kwenye kioo. Salamba alikuwa amemwarifu.

"Nimegonga kuanzia mwisho ule mpaka huku," akasema. "Kama kuna anayejibu, feni zinammeza. Na ukungu huu... Naona majani matatu tu, basi."

Nyanzobe naye aliweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa cha moto. Upande wa ndani matone yalikuwa yakitelemka polepole, na nyuma ya matone kulikuwa na kijani kisicho na mwisho.

"Tufungue, baba."

"Kwa nini?"

"Nimeona pumzi."

"Salamba anasema umeona mstari uliopinda." Alimgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kuelewa. "Mayu, mtama huu umekulia kwenye unyevu tangu ulipochipua. Majani yake hayajawahi kujifunza kufunga vinyweleo. Ukiuletea upepo wa nje utaendelea kuachia maji kama mtu aliyekatwa mshipa, na jioni utakuwa majani makavu. Mimi nina wajukuu watatu kwa binti yangu. Wewe una mama yako. Nipe jambo la kunifanya nigeuze ufunguo. Umejuaje kwamba mstari ule ni mtu?"

Hapo ndipo Nyanzobe alipojikuta amefika. Angeweza kusema ni uzoefu. Angeweza kusema ni utaalamu, na mzee angetikisa kichwa akakataa, na ufunguo mmoja haufungui kitu. Kama kulikuwa na mtu mle ndani, alikuwa na saa chache. Na kama hakuwepo, atakuwa amemvunja mzee huyu bure.

"Niliwahi kuuona," akasema.

"Wapi?"

Alijaribu kuliandaa neno likawa halitaki kuandalika.

"Kitalu cha Pili. Jumatatu ile, baada ya wewe kufunga."

Mzee Ndalahwa hakusogea. Feni za paa zilivuma.

"Sema tena."

"Alikuwa hai, baba. Ulipofunga, Luhende alikuwa hai. Alipumua saa thelathini na moja. Mchana mtama ulikuwa unavuta pumzi yake, kwa hiyo mstari ulipinda kidogo tu, na mimi nikauona nikadhani kipima kimeharibika. Jumanne asubuhi nikaona mtama kama haufanyi kazi vizuri. Ukaa haushuki inavyotakiwa. Nikaongeza joto ili uchangamke. Digrii nne." Aliondoa kiganja kwenye kioo. "Baada ya hapo alipumua saa nane."

Mzee alimtazama. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu kinachotoka mbali sana na hataki kukosa neno.

"Tangu lini unajua?"

"Wiki moja baada ya kumzika."

"Na kila siku unaniamkia."

"Ndiyo."

Aligeuka akaelekea mlangoni. Nyanzobe alidhani anaondoka. Lakini mzee alisimama mbele ya lakiri aliyoipaka mwenyewe jana yake, akatoa patasi mfukoni, akaanza kuipasua kwa mapigo mafupi yenye nguvu. Vipande vyekundu vilimrukia kifuani.

"Lete ufunguo wako," akasema bila kugeuka. "Na usiniguse."

*

Kulikuwa na sheria iliyowekwa baada ya kifo cha Luhende: lakiri ikivunjwa wakati wa msimu, mapaa yote hujiinua yenyewe, ili joto lisimuue anayeingia kuokoa. Funguo mbili ziligeuka. Vioo virefu vya paa vikapanda kwa kishindo, na kutoka ndani ukainuka mvuke mweupe, mzito, mkubwa kuliko kitalu chenyewe. Ulisimama juu yao kitambo kifupi. Kisha upepo wa Agosti ukaukuta, ukaulamba, na hapakubaki kitu isipokuwa anga.

Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji walitazama mvuke ule hadi ulipokwisha. Mwanamke mmoja akaweka ndoo yake chini, akaketi juu yake.

Mzee na Nyanzobe walikuwa wameshaingia. Kitalu kilikuwa na urefu wa hatua mia mbili na mistari arobaini ya mtama uliowapita kimo. Waligawana, yeye kulia, mzee kushoto. Ardhi ilikuwa laini, hewa ikiwabana vifuani. Nyanzobe alipenya akifunua majani kwa mikono miwili, akitazama chini, kila kivuli kikawa mguu, kila bomba lililolala likawa mkono. Upande wa pili alimsikia mzee akiita. Mwanzoni aliita, "Ewe uliye humu! Wewe mpitaji! Itika!" Halafu, mstari wa kumi, mstari wa kumi na tano, maneno yakapungua. Halafu akaanza kuita jina.

"Luhende! Luhende we!"

Nyanzobe alisimama palepale, majani yamemfunika hadi usoni. Hakuweza kumwambia anyamaze wala hakuweza kuitikia. Aliendelea kutafuta kwa sababu kutafuta ndicho kitu pekee mikono yake ilichokijua.

Walikutana kona ya mwisho, kaskazini, na hapo walikikuta kilichokuwa kinapumua. Bomba la chini lilikuwa limepasuka na kujaza maji shimo ambamo wavunaji wa msimu uliopita walikuwa wametupa mabua badala ya kuyatoa. Mabua yalikuwa yanaoza. Kila pampu ilipovuta, povu lilishuka. Kila ilipoachia, povu likapanda, likapasuka, likatoa harufu tamu ya kitu kilichochacha. Panda, shuka. Panda, pumzika.

Mzee Ndalahwa alichuchumaa akalitazama kwa muda. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akapapasa chini kote, akautoa.

"Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna, baba."

Kufikia saa tisa alasiri majani ya juu yalikuwa yamening'inia. Saa kumi na mbili Kitalu cha Tano kizima kilikuwa kinatoa sauti kama ya karatasi. Watu waliingia na mapanga kukata kilichofaa kwa ng'ombe, na hakuna aliyesema na mwenzake kwa sauti kubwa.

*

Baraza lilikaa siku mbili. Nyanzobe alisimama akayasema yote, la Kitalu cha Pili kwanza, kisha la cha Tano, na hakuomba kitu. Wapo waliosema angekuwepo mpitaji mle ndani wangekuwa wanamshukuru. Wapo waliosema dhamiri yake imekula chakula cha watoto wao. Mwenyekiti Salamba aliwasikiliza wote, kisha akasoma uamuzi: mgao wa unga upungue theluthi kwa kila nyumba, hadi Kitalu cha Nne kivunwe, Nyanzobe asikae tena mbele ya mistari, mshika mlango apumzishwe. Mzee Ndalahwa alisimama akaweka ufunguo mezani, akatoka kabla kikao hakijafungwa.

Nyanzobe alipewa kazi ya kuchota tope kwenye matangi. Mama yake, aliyekuwa na miaka themanini, alianza kumsukumia sehemu ya ugali wake akidai ameshiba, naye Nyanzobe akaurudisha, na hivyo wakala kila siku wakisukumiana sahani bila maneno. Mchana, akiwa ndani ya tangi, aliinua kichwa kila mara akidhani amesikia mtu akigonga. Vitalu vilivuma. Hapakuwa na mtu.

Wiki ya tatu, Jumapili, baada ya watu kutoka ibadani, mlango ulibishwa kweli. Alikuwa Mzee Ndalahwa, amevaa koti lake la heshima, kofia mkononi. Nyanzobe alimwamkia kwa mazoea, akajuta katikati ya neno.

Mzee hakuitikia. Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukafikiri nimekuja kwa hilo. Sijui kama nitaweza. Kuna siku naamka nataka kuja kukukaba, na kuna siku nakumbuka ni mkono wangu uliopaka ile lakiri." Aliizungusha kofia. "Nimemwomba Salamba, amekubali. Amesema nakala ya Kitalu cha Pili unayo."

"Ninayo."

"Mimi mistari yenu siijui. Nisomee."

Nyanzobe alitoa kompyuta ndogo iliyokuwa chini ya kitanda chake, imefungwa kwa kitenge. Ilimchukua muda kuifungua. Mama yake aliinuka taratibu akaenda kukaa uani.

"Jumatatu, saa nne na dakika kumi," akaanza. "Mlango umefungwa. Ukaa umezidi kwa sehemu tatu katika mia. Pumzi ni za haraka. Nadhani alikuwa anaita."

"Usidhani. Soma."

Alisoma. Saa tano, saa sita. Saa nane pumzi zilipungua kwa karibu saa nzima, zikawa za kulingana, na mzee akainua mkono.

"Hapo?"

"Hapo zimetulia. Za mtu aliyelala huwa hivi."

Mzee alitikisa kichwa. "Mtoto yule alikuwa analala popote," akasema, akaushusha mkono, naye Nyanzobe akaendelea. Usiku wa Jumatatu taa zilizimwa, mtama nao ukaanza kutoa ukaa kama Luhende, na mle ndani ya mstari mmoja hakuna aliyeweza kutenganisha ipi ni ya nani. Alisema hivyo. Alfajiri taa zikawaka, mtama ukavuta, na ya mtu ikabaki peke yake, dhaifu, ikionekana tena.

"Jumanne, saa tatu asubuhi." Nyanzobe akasoma jinsi ilivyoandikwa: "Kipima kina hitilafu. Mtama umezubaa. Joto liongezwe digrii nne."

"Ameandika nani?"

"Mimi."

"Soma jina."

"Nyanzobe binti Mihayo, Msoma Pumzi wa zamu."

Mzee alifumba macho. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso ingawa chumba kilikuwa na baridi.

"Endelea," akasema.

Akaendelea. Saa nne, saa tano. Saa saba pumzi zilikuwa za haraka na fupi. Saa tisa zilianza kukosa mpangilio. Alizisoma dakika kwa dakika, sauti yake ikiwa imepungua hadi mzee akalazimika kuinama mbele ili asikie, vichwa vyao vikakaribiana juu ya kioo kidogo.

"Saa kumi na moja na dakika nne, sehemu moja katika mia. Saa kumi na moja na dakika tisa, nusu. Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili..." Aligusa mwisho wa mstari. "Hakuna tofauti. Kitalu cha Pili kimelingana na vingine."

Uani mama yake alikohoa. Mzee Ndalahwa aliketi na mikono juu ya magoti, vile vidole vyekundu vimenyooka. Kisha alisimama, akavaa kofia, akaiweka sawa.

"Kesho jioni nitakuja na mama yake Luhende," akasema. "Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini anasikia. Msomee kama ulivyonisomea mimi. Usimrukie hata dakika moja."